Mchunga Usiotiwa Chumvi

Jumanne, 24 Machi

Wifi Rosalia, samahani sana. Daftari hili ulimpa Mama alipopanda basi Masasi, ukamwambia anikabidhi mkononi, nami nikaliweka juu ya kabati mpaka leo. Idi imepita, mvua zimeanza, Allen ameota jino la pili, na sijaandika hata mstari mmoja. Si kiburi. Nikimlaza mtoto nalala na mie, wakati mwingine mwiko uko mkononi.

Ulitaka niandike Mama anakula nini na hali yake ikoje, kwa sababu kwenye simu nasema "Mama hajambo" halafu salio linaisha. Haya, naanza. Likijaa nitampa kondakta akuletee.

Hali yake: daktari wa hapa kasema kama wa huko. Presha. Kidonge asubuhi, na chumvi aache. Sio apunguze, aache. Kwa hiyo nimeitoa chumvi jikoni kabisa, nimempa mpangaji wa chumba cha mbele. Sote tunakula bila chumvi. Mdogo wako Ferdinand akiitaka ataikuta huko huko Keko anakochonga milango, hapa haipo.

Chakula: hali kitu. Wali anasema ni kutafuna pamba. Maharage kaonja, karudisha kijiko. Mchicha hakuugusa. "Haya ni majani ya sungura, mwanangu." Amekunywa chai na nusu ya kiazi. Amekonda, Wifi, sikufichi.

Jumatano, 25 Machi

Leo amekula.

Nyuma ya nyumba kuna kiwanja cha mtu ambaye hajakijenga, ukuta wake umeanguka upande mmoja. Nilikwenda kumwaga maji nikakuta mchunga umeota kwa mvua hizi za mwanzo, majani machanga, laini. Ukivunja unatoa utomvu mweupe kama maziwa, vidole vinabaki na madoa meusi hadi kesho. Nikachuma kanga nzima. Mama alipouona aliinuka mkekani mwenyewe, bila kushikwa.

Alikaa kwenye kigoda akanielekeza. Majani uyakunje, uyakate membamba kama uzi wa kushonea magunia. Maji mengi, yachemke kwanza. Halafu akafungua kile kitambaa ulichomfungia akatoa magadi, vile vijiwe vya rangi ya majivu, akanimegea punje kama ya mahindi. "Bila hii utakula peke yako," kasema. Kweli, mchunga ukalainika, uchungu ukashuka, na rangi haikufa. Nikaukamua, nikaunga kwa kitunguu, nyanya na tui la nazi. Chumvi sikutia hata chembe.

Alimaliza sahani na ugali wake. Ferdinand alipofika akauliza kimebaki nini. Kilikuwa hakijabaki kitu.

Ijumaa, 27 Machi

Mchunga.

Jumapili, 29 Machi

Matawi. Mama alitembea mpaka kanisani na kurudi. Tukala mchunga.

Jumanne, 31 Machi

Mchunga mchana, mchunga jioni. Mvua. Nepi hazikauki, nimezitundika mpaka kwenye fremu ya mlango wa mteja ambao Ferdinand kauleta amalizie nyumbani.

Alhamisi, 2 Aprili

Kliniki. Presha haijashuka. Nesi kauliza, "Bibi, chumvi anaipata wapi?" Mama kajibu yeye mwenyewe: "Tangu niingie mji huu chumvi sijaiona hata kwa mbali." Nesi akanitazama mie. Nikasema ni kweli, mpishi ni mimi. Kaandika turudi baada ya siku chache.

Jumapili, 5 Aprili

Pasaka. Ferdinand kapita machinjioni Vingunguti asubuhi kaleta nyama ya maana, yenye mafuta. Nimeipika kwa tangawizi na kitunguu saumu, bila chumvi. Mama kala kipande kimoja kwa heshima ya sikukuu, akaomba mchunga. Ferdinand kamwambia, "Mama, siku hizi unachunga mbuzi tumboni?" Mama kamjibu kwamba mbuzi kamzaa yeye, tena dume, na lilikuwa halishibi.

Tumecheka. Nimeandika hili ili ujue tulikuwa tunacheka.

Jumatano, 8 Aprili

Mchunga wa kiwanjani umeanza kutoa maua, yale ya njano madogo. Ukishatoa maua uchungu unapanda, si ule wa mwezi uliopita. Punje haitoshi tena. Leo nimemega magadi kama jino la mtu mzima, ndipo ukalika.

Jumamosi, 11 Aprili

Mama siku hizi anashinda kwa Hamdiya. Hamdiya ni jirani yetu, mke wa Hashil mwenye duka la kona. Babu zake walitoka Uarabuni, lakini yeye na Hashil wote wamezaliwa hapa hapa Kiwalani. Kwao kuna luninga kubwa, na kila alasiri kuna tamthilia ya Kituruki iliyotiwa Kiswahili. Mama hakosi. Anarudi ananisimulia nani kamsaliti nani, na majina yote anayakosea.

Mie napata nafasi ya kufua. Sina neno.

Jumanne, 14 Aprili

Kliniki. Presha imepanda. Miguu imevimba, ukibonyeza kidole panabaki shimo. Nesi leo hakumuuliza Mama, kaniuliza mie, tena mbele ya watu: "Dada, nyumbani kwako mnamdanganya huyu bibi au anawadanganya nyie?"

Nimerudi na hilo swali.

Chumvi nyumbani haipo. Mchunga naupika mie. Kinachobaki ni kwa Hamdiya.

Jumatano, 15 Aprili

Nimekwenda. Mama alikuwa amelala. Nikapiga hodi, Hamdiya akasema, "Karibu Mama Allen, mbona umesimama mlangoni kama mtu wa kukata umeme?"

Nikamwambia, "Dada Hamdiya, naomba mama yangu asipewe kitu chenye chumvi hapa."

"Kitu gani?"

"Sijui. Achari, samaki mkavu, bisi. Chochote."

"Mama yako hapa anakunywa kahawa, basi. Tena anasema kahawa yangu ni maji ya kusuuzia vikombe."

"Miguu yake imevimba."

"Na mie ndio nimeivimbisha?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema kwa macho, Mama Allen. Kama nawalisha watu sumu si ungekuja na mjumbe kabisa, tuandikiane?"

Nikasema nimeomba tu, nikaaga. Akafunga mlango.

Nilijua amekasirika kwa sababu nimemkamata. Ndivyo nilivyofikiri, nakuandikia kama ilivyokuwa.

Alhamisi, 16 Aprili

Nimepekua begi la Mama. Alikuwa anaoga. Nilikuta kanga, rozari, picha yako ya kipaimara, vidonge, na kile kitambaa chenye magadi. Nikarudisha kila kitu. Alikuwa amesimama nyuma yangu, maji yanamtiririka.

"Endelea," kasema. "Bado chini ya godoro."

"Mama, natafuta chumvi."

"Tafuta na hapa kifuani, pengine nimebana kilo."

"Sijasema umeiba, Mama."

"Buguruni pale mwizi wanampekua hivi hivi. Na wao hawasemi kitu kwanza."

Sikuomba radhi. Nilimwambia kuwa akizimika hapa, watu wa Masasi wataniuliza mie, hawatamuuliza Mturuki wa kwenye luninga. Nikamwambia kwa Hamdiya asiende mpaka presha ishuke. Akavaa, akakaa mkekani akatazama ukuta.

Mchunga nimempikia mzuri kuliko siku zote. Nilitaka ajue kuwa nampenda. Magadi nimetia kama kidole gumba maana majani sasa ni makavu, yanakwaruza ulimi.

Jumamosi, 18 Aprili

Mvua. Mama haongei. Amekula.

Jumatatu, 20 Aprili

Mvua. Amekula. Anaulizwa kichwa kinauma, anasema hakiumi.

Jumatano, 22 Aprili

Maji yameingia mpaka kizingiti cha pili. Tumepandisha unga na godoro juu ya matofali. Kiwanjani mchunga umesimama ndani ya maji, nimechuma majani ya juu juu, yamekomaa kabisa. Mchana na jioni. Magadi vidole viwili.

Jumatatu, 27 Aprili

Leo nina nafasi. Allen yuko kwa Hamdiya. Utasoma kwa nini.

Ijumaa asubuhi nilikuwa napepeta mchele. Mama akasema, "Herieth." Yeye huniita mwanangu au Mama Allen, jina halitumii. Nikageuka. Alikuwa ameshika kikombe cha chai kwa mkono wa kushoto na chai yote inamwagikia mapajani, ya moto, yeye haoni. Anatazama kikombe kama kitu cha mtu mwingine. Mdomo umekwenda upande.

Ferdinand alikuwa ameshaondoka. Mvua inanyesha ile ambayo husikii hata ndege inayotua. Nikamweka Allen mgongoni, nikatoka barabarani, bajaji hakuna, maji yamefika magotini. Nikarudi. Nikapiga kelele ukutani kwa Hamdiya. Wifi, mwanamke yule alikuwa hajanisalimia tangu siku ile. Alitoka na gauni la kulalia, akamuita Hashil afunge duka. Hashil akambeba Mama mgongoni kama gunia la sukari mpaka lami. Hamdiya akanivua Allen mgongoni bila kuuliza. "Atakunywa maziwa yangu ya kopo, nenda," kasema.

Kituo cha afya walimpima presha mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nesi alidhani mashine imeharibika. Wakamwekea dripu na dawa ya chini ya ulimi, wakaniambia nitoke. Nikakaa kwenye benchi. Nilichokuwa nafikiria ni kwamba nitakwambiaje. Sikufikiria kingine, nasema ukweli.

Alasiri mdomo ulikuwa umerudi. Mkono bado. Nesi yule yule wa siku zote akaja akakaa pembeni yangu na karatasi.

"Niambie unavyompikia," kasema. "Usiniambie usichotia. Niambie kinachoingia sufuriani, kimoja kimoja."

"Anakula mchunga. Nauosha. Nakata. Nabandika maji, yakichemka natia mchunga na magadi, halafu naukamua, nakaanga kitunguu..."

"Rudi nyuma."

"Nakaanga kitunguu."

"Nyuma zaidi."

"Magadi."

"Kiasi gani?"

Nikamwonyesha kwa vidole.

"Mara moja moja?"

"Mchana na jioni. Mwanzoni nilitia kidogo, siku hizi mchunga umekomaa."

Akaweka kalamu chini. Hakunigombeza, nafuu angenigombeza. "Magadi ni chumvi, dada. Si ya kuonja, lakini kwenye presha kazi yake ni moja. Hatukukwambia?"

"Mliniambia chumvi."

"Ndiyo," kasema. "Tulikwambia chumvi."

Akaitwa wodini.

Wifi, nimeirudia hesabu hii nikiwa nafua, nikiwa nanyonyesha. Mvua ilivyozidi ndivyo mchunga ulivyokomaa, ulivyokomaa ndivyo uchungu ulivyopanda, nami nikaongeza jiwe. Kila alipozidi kuugua nilizidi kumpikia vizuri. Na katikati ya hayo nilikwenda kumtukana jirani na kumpekua mama yako akiwa na maji mwilini.

Najua kitambaa ulikifunga wewe. Sikuandikii ili tugawane. Hata kwetu Lindi mama yangu anatia magadi kwenye kisamvu mpaka leo, na ningemuuliza angecheka. Wewe ulifunga kama binti anavyomfungia mama yake safari. Aliyekuwa anaongeza vidole ni mie.

Alhamisi, 30 Aprili

Mama karudi nyumbani. Mkono wa kushoto unanyanyuka lakini haukazi. Daktari anasema mwingine hurudi wote, mwingine nusu.

Nilipiga magoti mkekani nikamweleza, magadi na begi, vyote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Kwa hiyo mwizi alikuwa sufuria."

"Mwizi alikuwa mimi, Mama."

"Wewe ulikuwa mpishi. Inuka, mtoto analia."

Nilikwenda na kwa Hamdiya. Nilijiandaa maneno njiani, nilipofika nikayasahau, nikasema tu nilikosea. Yeye alikuwa anamlisha Allen uji. Kasema, "Haya, nimekusamehe, lakini bado una deni." Nikauliza deni gani. "Kumwambia mama yako kahawa yangu ni nzuri."

Nikamwambia hilo hata mie siliwezi. Ndipo akacheka.

Jumamosi, 2 Mei

Uji wa ulezi. Papai.

Jumapili, 3 Mei

Ndizi za kuchemsha, kala moja. Mchicha kausogeza kwa kidole.

Jumanne, 5 Mei

Hali kitu tena. Tumerudi pale tulipoanzia, ila sasa mkono mmoja. Ferdinand jana kapandisha sauti: "Mpe basi hata chumvi kidogo ale, tutamzika na presha nzuri?" Nikamwambia sauti apandishe huko kwenye mbao. Chumvi haitarudi humu ndani na magadi hayatarudi. Yaliyobaki nimeyatupa mtaroni, nikayasikia yanagonga chini.

Lakini usiku aliposinzia nilijua na yeye anaogopa. Ni mama yake.

Ijumaa, 8 Mei

Nimejaribu mchunga bila magadi. Nimechuma machipukizi tu, yale yaliyoota upya baada ya maji kushuka. Maua nimeyaacha. Nimechemsha, nikamwaga maji, nikachemsha tena, nikakamua mpaka viganja vikauma. Tui zito. Mama kaonja, akafumba macho, akameza. Kijiko cha pili hakukichukua.

Jumamosi, 9 Mei

Mara tatu nimemwaga maji. Uchungu umetoka, na ladha yote imetoka nao. Mama kasema, "Hizi sasa ni kamba." Kweli ni kamba.

Jumatatu, 11 Mei

Nimemwaga mara moja tu. Nikachanganya na majani ya maboga, sehemu moja kwa mbili. Badala ya nazi nikatia karanga za kukaanga nilizotwanga mwenyewe, zikawa nzito. Mwisho nikakamulia ndimu. Ndimu ni ya Hamdiya, kasema kwao supu ikikosa kitu wanatia ndimu kabla ya kulaumu mpishi.

Mama kala vijiko kadhaa polepole. Nikamuuliza chungu? Kasema chungu. Nikataka kuondoa sahani, akaishika kwa ule mkono usiokaza.

"Acha. Nikiusikia uchungu, ulimi unapata kazi. Huo mchicha wako ndio unanikumbusha chumvi."

Sahani imebaki nusu. Nusu nyingine imeingia.

Jumatano, 13 Mei

Mchunga, maboga, karanga, ndimu. Robo imebaki.

Alhamisi, 14 Mei

Hivyo hivyo. Ferdinand naye kaomba, kakunja uso, kamaliza.

Jumapili, 17 Mei

Umepiga simu, Wifi, na tuliongea vibaya, na mtandao ukakata. Nijibu hapa kwa utulivu.

Umesema utakuja kumchukua Mama. Umesema mji umemharibu. Umesema kwenu asingepata kiharusi. Sijakasirika, ni mama yako kabla hajawa mkwe wangu. Lakini fikiria kwanza. Huko kliniki ni safari, hapa naenda naye kwa miguu. Huko kila sufuria ya jirani ina magadi, na kila jirani atataka kumkaribisha, na Mama hawezi kukataa sahani ya mtu. Hapa sufuria ni moja, na mwenye sufuria sasa anajua. Mkono wake anaufanyisha mazoezi kwa kuukamua mchunga. Mwanzo ulikuwa unamponyoka wote, leo kakamua tonge moja likabaki kavu.

Nimemuuliza mwenyewe anataka nini. Kasema, "Rosalia anataka kunichukua, wewe unataka kunibakisha, mie nataka kujua kama yule msichana ataolewa na yule tajiri." Ndio jibu alilonipa. Alasiri nilimpeleka kwa Hamdiya.

Ijumaa, 22 Mei

Kliniki. Imeshuka kidogo. Nesi kasema asiwe na haraka, nami nisiwe na haraka.

Jumatano, 27 Mei

Mvua moja tu wiki nzima. Mchunga wa kiwanjani unaisha, Mama anasema ule uliobaki tusiumalize, uachwe upukutishe mbegu. Nachanganya na mnavu wa sokoni. Amekula.

Jumatatu, 1 Juni

Hali nzuri. Allen kasimama akishika mguu wa Mama.

Alhamisi, 4 Juni

Kliniki. Presha iko pale daktari anapopataka. Nesi kapima mara moja tu, kaandika, kamwita mwingine. Mlangoni akaniambia siku hizi kila mgonjwa anamwambia, chumvi na magadi, vyote viwili, kwa pumzi moja.

Wifi, daftari limebaki kurasa chache, na kondakta anaondoka kesho alfajiri. Ferdinand atampelekea kituoni Rangi Tatu. Sijui umeamua nini. Mie nimeandika kila kitu ili uamue ukiwa umeona vyote, hata vile vinavyoniumiza. Ninachoomba ni Mama abaki hapa mpaka mwisho wa mwaka, daktari amwachie mwenyewe. Ukikubali, naomba utume hivi:

Karanga za huko, zile ndogo nyekundu, zisizokaangwa, debe moja. Za hapa zina mafuta machache.

Ufuta kiasi, nijaribu nao siku karanga zikiisha.

Kadi yake ya kliniki ya huko, daktari ameiulizia mara mbili.

Kitenge chake cha bluu na shuka lake zito, Juni hii kuna baridi alfajiri.

Kinu kidogo, kile cha mkono mmoja, ili atwange mwenyewe akiwa amekaa.

Na viatu vyake vya kanisani, vile vya kamba. Alikuja na ndala kwa sababu miguu ilikuwa haiingii. Usimnunulie vingine vikubwa. Vile vile sasa vinamtosha.